Msirukie kiki pikipiki iliyojamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenye pikipiki za zamani wa Dodoma na wilaya zake, pamoja na mafundi vijana wanaoletewa pikipiki hizo.

Kila mwaka mvua zikishakatika, watu wakaanza kuvuna uwele, mtama na alizeti, pikipiki zilizolala muda mrefu hutolewa nje. Kuna Honda CG 125, Yamaha DT 125, Suzuki A100, Honda XL. Zilikuwa za mabwana shamba, za waganga wa zahanati, za makatekista, zikabaki kwenye familia. Zimekaa chini ya mti au kwenye kibanda kisicho na mlango miaka mitatu, mitano, hata kumi. Mwenyewe anakanyaga kiki, kiki imegoma kama imechomelewa. Basi anaitwa kijana mzito, anaipanda kwa miguu miwili na kuirukia. Ikikataa, inafungwa kamba nyuma ya bodaboda, inawekwa gia na kuvutwa. Ikikataa tena, inapigwa nondo kupitia tundu la plagi. Jioni anaitwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nyingi ya pikipiki hizo asubuhi yake zilikuwa bado zinatengenezeka. Kutu ilikuwa imeishika pistoni tu. Kilichovunja konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni, kikapasua kava ya injini na kutoboa pistoni ni haraka ya siku hiyo moja, na inauma kuona chuma kizuri kama kile kinapimwa kwenye mizani ya skrepa.

Kwanza mtu aelewe kilichotokea ndani. Silinda ya pikipiki hizi ni bomba la chuma cha kumimina, pistoni ni ya alumini, na ringi zinazoizunguka pistoni ni za chuma. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni milimita 0.03 hadi 0.06 hivi, yaani nyembamba kuliko unywele. Ringi zenyewe hazina nafasi, zinagusa ukuta muda wote. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo haihitaji kuwa nyingi. Mstari mwembamba wa kutu palipogusana ringi na ukuta unatosha kuifunga injini nzima.

Wengi huuliza kutu inatoka wapi huku kwetu kukavu. Inatoka kwenye mvua za Desemba hadi Aprili, na inatoka kwenye matundu tunayoyaacha wazi wenyewe. Kabureta imeazimwa ikafungwa kwenye pikipiki nyingine, njia ya hewa imebaki mdomo wazi. Plagi imechukuliwa. Injini ya mistroku minne ikizimwa, mara nyingi huachia valvu moja wazi, na unyevu ukiingia kwenye ekzosi unafika hadi juu ya pistoni. Mchana hewa iliyo ndani inatanuka na kutoka, usiku inasinyaa na kuvuta nyingine yenye unyevu. Hata nyigu wana mchango wao: hujenga udongo ndani ya bomba la ekzosi, na udongo huo ukilowa hukaa na maji wiki nzima.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi liwe hili: pikipiki ilizimwa vipi mara ya mwisho? Kama ilizimwa ikiwa salama na ikakaa, huenda ni kutu, na kutu inalainishwa. Kama ilijizima njiani yenyewe, ikalia na tairi la nyuma likakaza, hiyo ni ya joto. Oili iliisha, au ya mistroku miwili iliendeshwa kwa petroli tupu bila oili, alumini ya pistoni ikayeyuka na kujipaka ukutani. Hiyo hata uiloweke mwezi mzima hutapata kitu, ifunguliwe tu. Kuloweka injini iliyoshikwa na joto ni kupoteza siku, na kuifungua kwa nguvu iliyoshikwa na kutu ni kupoteza bloku, yaani silinda yenyewe, kwa hiyo swali hili lisirukwe.

Kisha hakikisha kwamba kilichoshika ni pistoni kweli. Weka nyutro, sukuma pikipiki. Kama tairi la nyuma halizunguki hata kwenye nyutro, tafuta kwenye breki, mnyororo au gia boksi. Safisha kuzunguka plagi kwa brashi na pampu ya baiskeli, maana mchanga uliojaa pale ukidondoka ndani utakutesa baadaye, ndipo uifungue. Wakati mwingine hapo hapo petroli hutoka. Kabureta iliyovuja huweza kuijaza silinda, na pistoni haiwezi kukandamiza kimiminika, kwa hiyo injini inakuwa kama imejamu. Imwage, ubadilishe oili, na kazi imeisha. Kazi hii isifanyiwe karibu na jiko wala mvuta sigara.

Fungua kava ya magneti, lile gurudumu la sumaku linalotengeneza umeme, upande wa kushoto. Mara nyingi kutu imevimba kati ya magneti na koili zake na kuzishikanisha, au skrubu imelegea ikadondokea humo, au udongo wa mafuriko umeganda. Nimetaja hili kwa sababu bloku nyingi zimewahi kung'olewa bure wakati tatizo lilikuwa kwenye magneti. Ukishasafisha, weka soketi kwenye nati ya magneti na ujaribu kwa mkono, taratibu. Sikiliza kwa kiganja. Ikiwa inacheza kidogo halafu inagonga chuma kwa chuma pande zote mbili, kuna kitu kimejibana: jino la kiki, ringi iliyovunjika au valvu iliyoanguka. Hiyo usiilazimishe hata nukta moja. Ikiwa haitikisiki kabisa, kama unashika jiwe la Bahi, hiyo ndiyo kutu tunayoizungumzia.

Sasa kuloweka, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea vipimo.

Tafuta pistoni imesimama wapi. Ingiza unyasi au mrija wa soda kwenye tundu la plagi hadi uguse, utie alama. Usitumie msumari wala bisibisi. Kwenye Honda CG na nyingine za mistroku minne, kimiminika utakachomimina kitatokea kwenye valvu iliyo wazi na kuishia kwenye ekzosi, nawe utashangaa kila asubuhi umekuta pakavu. Fungua kifuniko cha tapeti (vidude vinavyosukuma valvu), legeza nati zote mbili za tapeti na urudishe skrubu zake nyuma mpaka tapeti zicheze. Springi zitazifunga valvu zenyewe. Valvu iliyoshikwa na kutu ikiwa wazi utaitambua: springi yake imekandamizika wakati mwenzake imesimama. Idondoshee dawa nitakayoitaja hapa chini kwenye shina na kuigonga kidogo kwa mpini wa mti kila siku hadi irudi.

Yamaha DT, Suzuki A100 na nyingine za mistroku miwili hazina valvu kwenye hedi, zina matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni ikiwa chini dawa yote inapita. Kwa hizo sipotezi muda na tundu la plagi. Hedi yake, kile kifuniko cha juu ya silinda, ni nati chache tu, ifungue siku ya kwanza, ondoa ekzosi, ziba tundu lake kwa kitambaa kilicholowa grisi, ufanye kazi ukiwa unaona.

Dawa yenyewe: asetoni kipimo kimoja na oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki, ile ATF, kipimo kimoja. Mililita 50 kwa 50 zinatosha kuanzia. Asetoni inauzwa kwenye maduka ya rangi. Hazipatani vizuri, ukiziacha dakika chache zinajitenga, kwa hiyo tikisa chupa kila unapovuta. Asetoni inaipeleka oili kwenye upenyo ambao yenyewe isingeingia, kisha inaruka na kuiacha oili mahali pake. Isimwagikie rangi ya tangi, itaibandua. Kama asetoni haipatikani Mpwapwa au Kondoa, tumia dizeli na ATF nusu kwa nusu. Inafanya kazi pia ila polepole, ipe mara mbili ya siku.

Mafuta ya taa peke yake ni mepesi mno, yanapenya na kukauka bila kuacha ulainishi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye lori ni nzito na ina masizi. Soda ina asidi, inakula chuma kizima pamoja na kutu. Na jambo moja la huku kwetu kanda ya kati, tunakokamua alizeti: kuna mazoea ya kumimina mafuta ya alizeti kwa kuwa yako jikoni. Tafadhali msifanye hivyo. Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa na joto yanageuka utomvu. Angalieni ukingo wa dumu la zamani la alizeti, ule ukoko unaonata ambao hata sabuni inaushindwa. Ukoko huo ukikaa kwenye mifereji ya ringi, umeongeza gundi juu ya kutu.

Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano, ulichomekee kipande cha mrija mwembamba wa petroli. Mimina mililita 20, subiri nusu saa, ongeza 20 nyingine. Lengo ni kuifunika pistoni yote kwa kina cha milimita kadhaa. Pikipiki isimame stendi ya katikati. Silinda ikiwa imelala kidogo, dawa hukaa upande mmoja, kwa hiyo asubuhi iegemeze kushoto na jioni kulia. Ziba tundu kwa kitambaa, si kwa plagi, ili hewa ipite na mtu asisahau akakanyaga kiki.

Kesho yake pima tena kwa unyasi. Kina kikiwa kimepungua, furahi: dawa inapita pembeni ya ringi na kushuka kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kikiwa vile vile, tikisa, vuta ya zamani, weka mpya. Itazame ile uliyoivuta. Siku ya kwanza inatoka nyekundu kama ilivyoingia. Siku ya tatu au ya nne inatoka kahawia kama chai ya rangi, na ukiisugua kati ya vidole viwili inakwaruza. Huo ni unga wa kutu. Kabla ya kuona rangi hiyo sioni sababu ya kugusa spana. Ipe siku nne bila kujaribu kitu, kisha jaribu kila siku mara moja, hadi wiki mbili.

Jua letu ni msaada. Iache nje mchana, silinda ipate joto, na usiku wa Juni na Julai ipoe sawasawa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo kila kupata joto na kupoa pistoni inavutana na ukuta na ile kutu inapasuka kidogo kidogo. Anayetaka kuharakisha achemshe maji lita tatu au nne na kumimina juu ya mapezi ya silinda kwa birika, taratibu, kisha wakati bado ina joto atie mililita 20. Ikipoa inaivuta dawa ndani. Lakini kwa njia hii tumia dizeli na ATF tu. Asetoni huchemka kwenye nyuzijoto 56, na mvuke wake unashika moto kutoka mbali. Kama ilikuwa na asetoni, ivute yote na uiache wazi siku nzima kwanza. Tochi ya gesi isisogee hapo kabisa.

Kugeuza. Plagi imetolewa, weka gia ya juu kabisa, ya nne au ya tano. Vijana huweka gia namba moja wakidhani ndiyo yenye nguvu, na hapo mambo yamegeuka, kwa kuwa sasa ni tairi linaloizungusha injini. Kwenye 125 nyingi, gia namba moja tairi likizunguka mara moja krenki inapaswa kuzunguka karibu mara 30, gia ya juu ni karibu mara tisa au kumi. Kadiri krenki inavyotakiwa kuzunguka mara chache, ndivyo mkono wako kwenye tairi unavyofika kwake na nguvu zaidi. Shika tairi kwa mikono miwili, peleka mbele, rudisha nyuma, bila kushtua. Dakika tano zinatosha kwa siku.

Njia ya pili ni nati ya magneti, kwa mpini usiozidi sentimita 30, ukigeuza upande wa kukaza. Pikipiki nyingi za Kijapani za silinda moja hiyo ni kinyume na mzunguko wa injini, na kwa kazi hii haidhuru. Nati ikianza kwenda bila magneti, acha. Ukiongeza bomba la mita moja utakata kii ya magneti au kuharibu uzi wa krenki, na krenki ni kazi ya pesa nyingine.

Ikiachia, mara nyingi haiachii kwa kishindo. Unasikia mlio kama wa kidole kilichoalishwa, na ukichungulia kwa tochi ya simu unaona vipovu vidogo vikipanda ukingoni mwa pistoni, upande mmoja tu. Imesogea milimita moja au mbili. Hapo ndipo subira huwaishia watu. Wanashangilia, wanavuta hadi mwisho, na ringi zinakwama kwenye mkanda wa kutu ulio juu na kuvunjika, kwa sababu chuma cha ringi hakipindi, kinakatika kama kigae. Irudishe ilikotoka. Ongeza dawa, subiri saa moja. Peleka tena milimita mbili, rudisha. Kila mara ongeza kidogo. Mzunguko wa kwanza kamili ukichukua siku nzima si vibaya.

Wiki mbili zikipita haijasogea, toa hedi. Sasa unaona ukuta. Juu ya pistoni kutakuwa na kutu ya rangi ya udongo mwekundu. Isafishe kwanza kwa msasa namba 400 uliolowa dizeli, ukizungusha, na ukusanye unga kwa kitambaa chenye grisi. Ndipo uchonge gogo la duara la mti mgumu, la milimita 50 kwa silinda ya CG yenye milimita 56.5, lilalie pistoni yote sawasawa, ugonge kwa nyundo ya nusu kilo, mapigo mafupi mengi. Kama unyasi wako ulionyesha pistoni iko juu kabisa au chini kabisa, usigonge: konrodi imenyooka wima na kila pigo linaishia kwenye beringi za krenki. Hapo gonga kidogo tu kulegeza kutu, kisha ugeuze kwa nati. Bisibisi isichomekwe chini ya bloku kuiinua. Mapezi yatakatika na uso wa gasketi utachubuka, halafu itavuja oili maisha yote.

Mafundi wa malori hutumia pia pampu ya grisi. Plagi ya zamani hutolewa kaure, huwekwa nipo ya grisi, silinda hujazwa oili hadi juu isibaki hewa, kisha hupampiwa grisi. Inasukuma pistoni nzima kwa usawa kuliko nyundo yoyote. Inataka valvu zote zifunge kabisa, haifai kwa mistroku miwili, na kama hewa imebaki ndani ni hatari kwa aliyesimama mbele ya plagi. Aliyewahi kuifanya aifanye. Anayejifunza abaki na gogo.

Imeachia. Mwenyewe anataka kuiwasha jioni hiyo hiyo, na hapa nitasimama kidete: hata kama imeachia bila kufunguliwa, ifunguliwe. Unga wa kutu uko kwenye mifereji ya ringi na kwenye oili, na oili yenyewe imechanganyika na dizeli au asetoni, haina uzito wa kulinda kitu. Toa bloku, pitisha ukucha ukutani kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukipita bila kushika, msasa namba 240 kwa mistari inayokatana unatosha. Ukucha ukinasa, ipelekwe kwa mchongaji, na apewe pistoni mpya mkononi kabla hajaanza kuchonga, asichonge kwa kukisia. Saizi za kuongeza kwa pikipiki hizi huenda kwa 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1.00. Ringi mpya iingizwe peke yake kwenye silinda, isukumwe na pistoni ikae sawa, upimwe mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kati ya 0.15 na 0.35 ni nzuri, ukizidi nusu milimita moshi utakuwepo.

Kwa zile zilizoshikwa na joto, alumini iliyojipaka kwenye ukuta wa chuma inatolewa kwa kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu glasi ya maji. Ni kostiki inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Paka kwa pamba kwenye kijiti juu ya alama hiyo tu. Itatoa povu, ikiacha povu alumini imeisha. Suuza kwa maji mengi, kausha, paka oili papo hapo. Kostiki haili chuma lakini inakula alumini, kwa hiyo isiguse nje ya bloku. Na vaa glavu na miwani, maana jicho halina spea.

Konrodi ishikwe na kuvutwa juu na chini. Kucheza kushoto na kulia kidogo ni kawaida, kucheza juu na chini hakukubaliki hata kidogo. Kwenye mistroku miwili badilisha sili zote mbili za krenki bila kujiuliza. Mpira uliokauka miaka mitano unaingiza hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), joto linapanda, na wiki haipiti imejamu tena, safari hii kwa joto. Hata kama ina pampu yake ya oili, tangi la kwanza lichanganywe: mililita 50 za oili ya mistroku miwili kwa lita moja ya petroli.

Wenye CG wana bahati. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi za barabara mbovu na matunzo haba, wakaipa fimbo za kusukuma valvu badala ya mnyororo wa ndani ya injini, na leo injini nyingi za Kichina zinazoendesha bodaboda zetu ni uzao wake. Bloku, pistoni, ringi na gasketi zinapatikana Dodoma mjini. Ila nenda dukani na pistoni ya zamani mfukoni, ulinganishe kipenyo, urefu na pini ya milimita 15, maana zile za 150 zina silinda ya milimita 62 na haziingiliani. Ukiwa umefungua, toa chujio la wavu chini na ufungue lile la kuzunguka lililo kwenye krenki, nyuma ya kava ya klachi. Kutu yote iliyoshuka inalala humo.

Kufunga ni kama ilivyofunguliwa. Tapeti za CG rudisha kwenye nafasi ya milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Oili mpya, lita moja kasoro kidogo. Kabla ya plagi, kanyaga kiki pole pole mara 30 au 40 kifuniko cha tapeti kikiwa wazi, mpaka uione oili ikifika juu. Isipofika usiwashe. Ikiwaka itatoa moshi mweupe wa bluu na harufu kali kwa dakika kumi, kumi na tano. Ni dawa iliyobaki kwenye ekzosi inayoungua, watu wasikimbilie kuifungua tena. Iache ingurume kwa mwendo wa chini dakika tano, izime, ipoe kabisa hadi mkono ukae kwenye mapezi. Rudia mara tatu, kisha kaza tena nati za hedi kwa msalaba. Kilomita 50 za kwanza bila mzigo na bila abiria, halafu oili hiyo imwagwe ingali ya moto, hata kama bado inaonekana mpya. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe uone kilichobaki.

Fundi pikipiki,
Chang'ombe, Dodoma